Turubai la Msiba Juu ya Taka

Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu. Nimefika umri ambao mtu hupunguza maneno, kwa kuwa anajua kila neno atakwenda kuulizwa mbele ya Mola wake, na mtu wa umri huo atapata faida gani kutunga uongo juu ya dampo la taka? Ukiniamini, sawa. Usiponiamini, nakuomba usiende kujaribu nilichokifanya. Jioni ile karibu tumpoteze mtu mzima, mwenye mke na watoto, na sababu ilikuwa mimi.

Nafanya kazi dampo, nje ya mji wetu wa Mtwara. Watu hucheka wakisikia, maana ndio hao hao wanaoniona msikitini baada ya alfajiri nikisomesha. Lakini kazi ya halali haina aibu, na kwa kazi ile nimemshukuru Mungu kila siku. Mimi sizoi wala sichambui. Mimi nafunika. Malori yakishamaliza kumwaga, taka za siku hiyo lazima zifunikwe kabla ya giza. Ukiziacha wazi, kunguru na mbwa watazitawanya, nzi watazaliana, na moto ukishika chini kwa chini hauzimiki wiki nzima. Siku zote tulifunika kwa udongo, kimo cha shubiri moja. Dadi anasambaza na kushindilia kwa katapila, mimi nasimama na fimbo napima kina.

Huyu Dadi ndiye ninayetaka umjue. Jina hilo nimempa mimi. La kwake nalificha kwa sababu utakayoiona. Ni Mmakonde wa upande wa Nanyamba, mtu wa miaka arobaini hivi, hodari wa mashine, na mdomo wake haukujua kufunga. Aliniita Maalim, lakini kwa utani aliweza kunizika mimi Maalim wake mara tatu kwa siku.

"Maalim, kumbe umeamka? Mimi nilishaanza kukuchimbia!"

Ndiyo salamu yake ya asubuhi. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani, na huku kusini mtani haombi ruhusa, hasa penye kifo. Kama hujapata kuishi kwetu, nikueleze kidogo. Mtu akifa, watani wake huja msibani kutania. Watalia kilio cha uongo, watamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na hakosekani mmoja wa kushuka katika kaburi lililo wazi akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku wanafuta machozi. Mimi kama mtu wa dini nimewakataza mara nyingi wasishuke kaburini, na mara nyingi nimeshindwa.

Basi, mvua za mwaka ule zilipochachamaa, udongo ukatuishia. Shimo tulilokuwa tukichimba lilijaa maji, njia ya kwenda shimoni ikawa tope, lori la udongo likawa halifiki. Akaja afisa mmoja wa mazingira, mtu msomi mwenye adabu, akatukusanya akatueleza habari ya kifuniko mbadala. Alisema si lazima udongo. Unaweza kufunika kwa maranda ya mbao, kwa vifusi vya nyumba vilivyosagwa, kwa majani yaliyokatwakatwa, au kwa turubai linalotandikwa jioni na kukunjwa asubuhi. Kinachotakiwa ni taka zisilale wazi.

Tulianza na maganda ya korosho, maana ndiyo tuliyojaaliwa kwa wingi. Hatukumaliza wiki. Maganda yale yana mafuta yanayobabua ngozi, na wanawake wanaookota chupa walitoka malengelenge. Mmoja wao, Bi Zuhura, alininyanyulia unyayo mbele ya watu.

"Maalim, mnafunika au mnatukaanga?"

Tukaacha maganda, tukaletewa turubai kubwa la buluu. Hilo lilifaa sana. Jioni tunalitandika na kulizungushia matairi mabovu lisipeperuke, asubuhi tunalikunja, kazi inaendelea. Nililipenda turubai lile. Kisha ikaja siku ya upepo wa mvua, likapasuka katikati kama gazeti.

Sasa sikiliza kosa langu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza vyombo vya msiba mtaani kwetu. Chumba cha uani nyumbani kwangu kilikuwa na masufuria, majamvi, na turubai la kijani la kukalia watu wakati wa matanga. Turubai hilo lilitolewa na mfanyabiashara mmoja Mhindi wa Mikindani, Mwislamu mwenzetu, alipofiwa na mkewe. Siku aliyolikabidhi alitamka mbele ya jamaa wote kuwa ni wakfu kwa ajili ya misiba, na si kwa jambo jingine. Kitu cha wakfu hakitolewi nje ya sharti la mtoaji. Hilo nalijua tangu nikiwa mwanafunzi. Nimelifundisha kwa kinywa changu. Na bado siku ile, mawingu yamefunga, taka za soko zimerundikana, afisa amesema atapita kesho asubuhi kukagua, nikajiambia: si usiku mmoja tu? Kufunika si ni kufunika? Nitalifua, nitalirudisha, nani atajua?

Nikalipakia kwenye bajaji. Dadi aliponiona nalishusha alipiga makofi.

"Maalim! Leo taka zimefiwa!"

Tukalitandika. Wenzetu wote walikuwa wameshaondoka, tumebaki wawili, na jua limezama nyuma ya mawingu. Nakumbuka kunguru. Kila jioni huwa mamia, wanagombana juu ya vichwa vyetu mpaka tunapaziana sauti. Tulipoweka tairi la mwisho walinyamaza. Kisha wakaruka pamoja, wakaenda zao upande mmoja, hakuna hata mmoja aliyelia. Niliwaona, nikasema moyoni, labda mvua inarudi.

Nilikuwa natia udhu wa magharibi kwa maji ya dumu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Assalaam alaykum, wafiwa."

Wafiwa! Nikageuka. Kando ya turubai alisimama mzee mrefu, mwembamba, amevaa kanzu na kofia. Sisi tope lilikuwa limetufika magotini, na upindo wa kanzu yake ulikuwa mweupe kama umetoka kupigwa pasi. Nikajibu salamu, kwa kuwa salamu hujibiwa. Akasema ametembea tangu huko mto Ruvuma unakoingia baharini, ameliona turubai, akajua pana msiba.

"Sikualikwa," akasema, "lakini msiba haualikani."

Si ndivyo tusemavyo sote? Kisha akavua makubazi yake, akayapanga vizuri ukingoni, akakaa juu ya taka za soko, akakunja miguu kama mtu aliyekaa juu ya jamvi barazani kwangu. Naomba ulielewe hili. Dampo hakuna avuaye viatu. Kuna vioo, misumari na sindano, na chini ya yote kuna uvundo. Yeye alivua.

"Marehemu ni nani?" akauliza.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia ukweli. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Lakini Dadi alishauona mchezo. Mtu usiyemjua anakuja jioni kulilia maganda ya ndizi na mifuko ya plastiki, atakuwa nani kama si mtani? Akaniwahi.

"Marehemu ni nangu!" akasema kwa Kimakonde chao, yaani mimi hapa, huku anajipiga kifua. "Umechelewa, mtani! Umeniletea sanda, au umekuja kula ubwabwa tu?"

Mzee hakucheka. "Jina lako nani?"

Dadi akalitaja lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo kwenye spika ya msikiti.

"Mwana wa mama gani?"

Nikasahau udhu. Nani huuliza jina la mama? Ukikutana na mtu unamwuliza ni wa baba gani, wa ukoo gani, ametoka wapi. Jina la mama tunaliuliza mahali pamoja, makaburini, tukishamfukia mtu, ili asomewe talkini, maana katika talkini maiti huitwa mwana wa mama yake. Swali lile nimeliuliza miaka mingi, nimesimama juu ya udongo mbichi, na jamaa wa marehemu akaninong'oneza jibu sikioni. Nikapiga kelele:

"Dadi, usimjibu!"

Alishajibu. Alilitaja jina la mama yake, mama aliye hai mpaka leo, na hapa silitaji. Na kwa kuwa mtani akiuanza mzaha huumaliza, akainua pembe ya turubai, akajipenyeza chini, akalala chali juu ya taka, akajifunika mpaka kichwani. Nilimsikia anacheka mle ndani.

"Haya, someni! Sitoki mpaka niletewe chai na maandazi!"

Kicheko kikakatika katikati, kama redio iliyozimwa.

Mzee akaanza kusoma. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ambayo imamu yeyote angeitamani. Akamwita kwa jina lake na la mama yake, akamwambia yale tunayowaambia waliokwisha kutuacha: kwamba sasa amebaki peke yake, asifadhaike, watamjia malaika wawili na watamwuliza, naye ajibu bila hofu. Nikasikia Dadi anajibu. Anajibu mtu mwingine, si mzee, kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya karani.

"Ndiyo," alisema. Akanyamaza. "Ndiye mimi." Akanyamaza tena. "Ndiyo."

Dadi ambaye tangu nimjue hakupata kusema neno moja bila kulitilia mzaha.

Nikaikimbilia pembe ya turubai nikavuta. Turubai lile nimelikunja peke yangu miaka mingi. Jioni ile halikuinuka hata upana wa kidole. Lilikuwa zito vile linavyokuwa zito likiwa limekaliwa na watu. Ndipo nilipotazama chini nikaziona ndala.

Dampo limejaa ndala. Za kushoto zisizo na za kulia, zilizokatika kanda, za watoto, za wanawake. Kila siku tunazikanyaga. Sasa zilikuwa zimepangwa. Pande zote nne za turubai, mbili mbili, moja nyekundu na mwenzake ya buluu, moja kubwa na mwenzake ndogo, kama zinavyokaa nje ya nyumba ambayo msiba wake umejaa. Mtu hayupo hata mmoja. Ni ndala tu, na harufu ya ubani mahali ambapo sijapata kusikia harufu njema.

Nilisoma. Unadhani sikusoma? Nilisoma Ayatul Kursiyyu mpaka mwisho, nikasoma Kul Audhu zote mbili. Mzee alinisubiri nimalize, kwa heshima. Akasema, "Amina." Kisha akaendelea pale alipoachia.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliyekuja kwa shari ningejua la kumfanya. Huyu alikuja msibani, kwa sababu mimi nilitandika msiba.

Mwenyezi Mungu akanitia fikira, na namshukuru kwayo mpaka leo. Nikajiuliza, msiba huisha vipi? Watu wa msibani hawafukuzwi. Mfiwa husimama akavunja matanga. Huwashukuru waliokuja, huwaomba radhi kwa yaliyopungua, huwapa ruhusa warudi kwao. Na pale mfiwa alikuwa nani? Ni yule aliyeleta turubai.

Nikasimama, nikasema kama nisemavyo mtaani kwetu siku ya tatu:

"Jamaa mliofika, akina baba na akina mama, Mwenyezi Mungu awalipe kwa kuitika. Nawaomba radhi. Hapa hakuna aliyekufa. Turubai hili ni amana ya misiba, nikalitandika juu ya taka kwa kumwogopa mtu wa ofisini kuliko nilivyomwogopa aliyeniumba. Mmeitwa kwa kosa langu. Matanga haya nayavunja. Rudini kwa amani."

Mzee akaacha kusoma. "Jina limetajwa," akasema. "Na la mama limetajwa."

"Limetajwa kwa utani, baba. Utani haumziki mtu."

Akafikiri. Aliinamisha kichwa kama kadhi aliyeletewa kesi ngumu, na mimi nikasikia Dadi anasema tena "Ndiyo" mle chini, hafifu kuliko mwanzo.

"Wewe ndiye mfiwa?"

"Ndiye mimi."

"Basi tupe mkono. Hatuondoki msibani bila mkono wa mfiwa."

Nikautoa. Mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi, na baridi ya mtungi wa maji. Akaniachia, akavaa makubazi yake, akaondoka bila kugeuka. Nikataka kuurudisha mkono wangu nikashindwa, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umeshaushika, na mwenye mkono simwoni. Ukaja mwingine, mnene, wenye sugu za jembe. Ukaja wa mwanamke, umezungushiwa kitambaa kwa adabu, kama wafanyavyo bibi zetu wakimpa mkono mwanamume. Ukaja mmoja mdogo sana, ukashika kidole changu kimoja. Kila mmoja nikaujibu, "Ahsante. Mungu akulipe. Ahsante." Na kila mkono ulipoondoka, jozi moja ya ndala iliangukia upande, ikawa taka tena. Nilisema ahsante mpaka sauti ikanikauka.

Adhana ya isha ikasikika kutoka mjini. Nilikuwa nimesimama na mkono mbele na hakuna tena wa kuushika, na ukingo wa turubai ulikuwa unapepea.

Nikalifunua. Dadi alikuwa chali, mikono imenyooshwa ubavuni, macho wazi. Juu ya kifua chake palikuwa na udongo. Makonzi matatu, kama tunavyotupa kaburini kila mtu kwa zamu yake, udongo mwekundu, mkavu kabisa. Dampo letu halikuwa limeona udongo mkavu kwa mwezi mzima. Niliupangusa, nikampiga mashavuni, nikamkalisha. Alivuta pumzi kama mtu aliyezuka kutoka majini. Alinitazama muda mrefu kabla hajanitambua.

"Maalim," akasema. "Limebaki swali moja."

Sikumwuliza ni lipi.

Nimekwisha kutubu. Nilikwenda Mikindani kwa yule aliyelitoa turubai, nikamweleza yote, akalia, akanisamehe. Vyombo vya msiba nimemwachia mwingine. Dampo siku hizi tunafunika kwa vifusi vilivyosagwa, na vikipungua tuna turubai jipya ambalo nimeliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, herufi ndefu kama mlango: TAKA. Wenzangu hunicheka kwa hilo. Mkono wangu wa kuume haujapata joto tangu siku ile. Watu wakinisalimu hushtuka, hunishauri nikapime damu. Nimevumilia. Ni jambo dogo.

Jambo kubwa ni la Dadi. Aliacha kazi kesho yake, akarudi Nanyamba kwenye mikorosho na muhogo wake. Yu mzima, Alhamdulillahi, lakini hatanii tena, na hata usiku wa baridi hajifuniki shuka. Miezi michache baadaye mkewe alinipigia simu. Alisema kwamba jana yake magharibi alikuja mzee mrefu, kanzu safi, akauliza kwa jirani, kwa adabu kubwa, nyumba ya msiba ni ipi. Akalitaja jina la mumewe, na la mama mkwe wake. Jirani akamwambia, babu, umepotea, hapa hakuna msiba.

"Basi nimewahi," akasema mzee. Akashukuru, akaenda zake.

Akarudi mara ya pili baada ya mfungo. Ndipo wazee wa ukoo walipokaa, wakampa Dadi jina jingine. Mama yake naye, bibi wa miaka sabini na zaidi, wakambadilisha jina, na wajukuu wanafunzwa upya namna ya kumwita. Mzee hakuonekana tena Nanyamba, tukamshukuru Mungu. Lakini wiki iliyopita, baada ya sala ya ijumaa, mtu mmoja wa Ufukoni, hapa hapa mjini kwetu, alinihadithia kama kichekesho tu kwamba kuna babu mgeni anapita mtaani kwao magharibi, nyumba hadi nyumba, anatafuta msiba usiokuwepo. Hana haraka, alisema. Kila akijibiwa hakuna, anasema amewahi.

Kwa hiyo nakuandikia wewe usiyenijua. Akija mlangoni kwako, muitikie salamu yake, mwambie hapa hakuna aliyekufa, kisha unyamaze. Usimtajie jina la mtu, hata la adui yako, na usifanye naye mzaha hata akifanana na mtani wako wa damu. Zaidi ya yote lichunge jina la mama yako. Iko siku moja tu litakapohitajika, na atakayelitaja siku hiyo hutakuwa wewe.